Viti vya Mawe vya Termessos

Baadhi ya familia zetu za Pwani zimezoea siku hizi kuzuru Uturuki wakati wa likizo, na nyingi zikishafika Antalya hukaa ufukweni, kana kwamba bahari ni kitu walichokikosa kwao. Juma hili twawaomba waipe bahari kisogo kwa siku moja. Kilomita 30 na zaidi kaskazini-magharibi ya Antalya, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mlima Güllük, limo gofu la mji wa kale wa Termessos, na katika gofu hilo mna ukumbi wa wazi wa tamthilia ambao hatujauona mfano wake.

Ukumbi huo umeketi zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, kando ya bonde lenye kina cha kutisha. Safu za viti vya mawe zimepangwa nusu duara, na aliyeketi hutazamana na mlima. Siku isiyo na ukungu huweza kuiona hata Ghuba ya Antalya kwa mbali. Hukadiriwa kuwa watu 4,000 hadi 5,000 waliweza kukaa hapo. Jukwaa lina milango mitano, na chini yake mna vyumba vidogo ambamo, yasemekana, wanyama wakali walifungiwa zama za Warumi kabla ya kutolewa kupigana mbele ya watazamaji. Mawe yaliyoangushwa na matetemeko yamelala pale pale yalipoanguka.

Gari hukomea mbali. Kilichobaki ni kupanda kwa miguu katika njia ya mawe, nayo huchukua muda kwa mwenye watoto. Huko juu hakuna duka wala maji, basi kila mtu na abebe chupa yake. Viatu viwe vya kufunga, na buibui lisiwe la kukokota. Mkono wa mtoto usiachwe hata kidogo ukingoni mwa ukumbi.

Mkishapumzika vitini, wasimulieni watoto yaliyotokea katika mji huo. Mwaka 333 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (a.s.), Alexander wa Makedonia alifika na majeshi yake, akaona ugumu wa njia, akaenda zake bila kuutwaa. Miaka 14 baadaye akakimbilia humo Alcetas, jemadari aliyeshindwa vitani na mwenziwe Antigonus. Alcetas hakuwa malaika, kwani alikuwa amemuua Cynane, dada wa Alexander kwa baba. Lakini alikuwa amewatendea wema watu wa milima hiyo, na vijana wa Termessos waliapa hawatamtoa.

Antigonus akapiga kambi, akadai apewe mtu wake. Wazee wakaogopa mji usije ukateketezwa kwa ajili ya mtu mmoja. Kwa siri wakamtumia Antigonus ujumbe ajifanye anarudi nyuma, ili vijana watoke kumfuatia. Vijana wakatoka. Nyuma yao wazee wakapeleka watu wamkamate mgeni, naye akajiua. Maiti yake ikafunikwa na kutolewa nje ya mji. Antigonus akaidhalilisha kwa siku tatu, kisha akaiacha bila kuizika.

Wapo watakaosema wazee walikuwa na hoja, nasi hatuikanushi: mwenye kulea wana na wajukuu huogopa moto kuliko kijana. Linalotuuma ni hadaa. Wazee wangeweza kuwaambia wana wao waziwazi, «Hatuwezi kumlinda», wakagombana nao uso kwa uso. Badala yake waliutumia ushujaa wa watoto wao kuwa mtego. Vijana waliporudi, hasira yao ilikuwa karibu kuuchoma mji wao wenyewe. Kisha wakashika silaha, wakaingia milimani kuzishambulia nchi za Antigonus. Alipoondoka, waliuchukua mwili wa mgeni wao, wakauzika kwa heshima.

Kaburi linalodhaniwa kuwa lake lingali huko Termessos, limechongwa mwambani, na ukutani pake yupo mpanda farasi. Waiba makaburi waliliharibu karne nyingi zilizopita, lakini farasi bado anaonekana. Anayetaka kulifikia atoke ukumbini mapema, jua lingali juu.