Madigadi ya baiskeli nyembamba

Juma hili tunaacha kidogo mambo ya mbegu na uji wa watoto, tuzungumze juu ya baiskeli. Wamama wa vikundi viwili wametuuliza: ile baiskeli yetu tuiuze au tubaki nayo? Tunajua kwa nini wanauliza. Habari ya kuanguka ilizunguka Luberizi nzima kabla jua halijazama.

Kwa wale ambao hawakuisikia, ilikuwa hivi. Tulipogawana faranga za AVEC, tulitoa kila mtu sehemu yake tukanunua baiskeli ya mtumba kule Uvira. Si ile nyeusi nzito ambayo baba zetu walibebea mihogo. Hii ni nyembamba, ya watu wanaoshindana mbio kwenye lami, usukani wake umepinda kama pembe za kondoo dume. Tuliipenda kwa wepesi wake: mama mmoja anaiinua kwa mkono mmoja. Fundi akaifungia kibebeo cha mizigo nyuma, ikaanza kazi.

Ilikuja bila madigadi. Mvua zilipoanza, mwenzetu alifika soko la Bwegera akiwa na mstari wa matope toka kiunoni mpaka kwenye kilemba. Watu walicheka. Kikwembe cha kwendea soko si cha kuchezea, basi tukanunua madigadi ndefu za bati, zinang'aa, na tukamwambia fundi azitie. Alisema nafasi ni ndogo. Tukamsukuma. Alipiga nyundo, akapinda huku na huku, zikaingia. Tukasifu kazi yake.

Siku ya tatu, mmoja wetu alikuwa anarudi kutoka mashamba ya upande wa Ruzizi, na bidon ya maziwa ya lita 10 nyuma. Gurudumu la mbele likasimama ghafla, kama mtu amelishika kwa mikono. Yeye akapita juu ya usukani. Kiwiko kilichubuka, kifundo cha mkono kikavimba juma mbili, na maziwa yakamwagika yote. Nayo hayakuwa yake peke yake. Jioni tukaanza kusikia kwamba baiskeli si kitu cha mwanamke.

Tulikaa chini tukaitazama ile baiskeli, bado ina matope yake. Jibu lilikuwa pale pale. Udongo mweusi wa bonde letu unanata kama bugali usioiva. Gurudumu linaubeba juu, unaingia kati ya mpira na bati, na kama nafasi ni ndogo hauna pa kutokea. Unajazana, unakauka, unakuwa tofali. Baiskeli nyeusi nzito zina nafasi kubwa, vidole viwili vinapita kati ya mpira na madigadi, ndiyo maana hazina shida hiyo. Hii yetu ilitengenezwa kwa barabara kavu: breki zake zimekaa chini, karibu kugusa mpira. Kosa halikuwa la mwanamke wala la baiskeli. Ni sisi tuliotaka kitu cha kung'aa mahali pasipo na nafasi.

Kwa hiyo, kabla hujatoa faranga, pima. Jaza mpira upepo vizuri kwanza, maana mpira laini unadanganya. Tazama sehemu tatu: chini ya breki ya mbele, chini ya breki ya nyuma, na pale nyuma ya pedali ambapo gurudumu la nyuma linakaribia bomba la baiskeli. Zungusha gurudumu polepole. Kama linayumba, pima pale linapokaribia zaidi. Penseli ya masomo ya mtoto ina unene wa karibu milimita 7. Ikipita kwa shida, usinunue madigadi ndefu hata wakikupunguzia bei. Kidole kidogo kikipita, madigadi nyembamba ya plastiki inaweza kuingia, lakini kwa lami na vumbi tu, si kwa njia zetu za mashamba. Na msisahau kichwa cha skrubu! Sisi tulikisahau. Bati lenyewe ni jembamba, lakini skrubu iliyotokeza kwa ndani inakula nafasi yote. Kichwa bapa kikae upande wa mpira, nati ibaki nje.

Jambo jingine: panda, weka pedali mbele, geuza usukani. Kwenye baiskeli hizi fupi, ncha ya kiatu inaweza kugonga madigadi ya mbele. Ukigonga hapo kwenye kona, na mzigo nyuma, utaanguka bila hata tone la mvua.

Kuna fundi atakayekwambia uvae mpira mwembamba zaidi ili nafasi iongezeke. Ubavuni mwa mpira kuna namba, kwa mfano 700x28. Hiyo ya pili ni upana kwa milimita. Ukitoka 28 kwenda 25 unapata milimita tatu hivi. Hesabu yake ni sawa. Sisi tunakataa hata hivyo, kwa sababu mpira mwembamba chini ya mzigo, juu ya mawe yetu, ni kutoboka kila juma. Milimita tatu za matope hazistahili mama kusukuma baiskeli usiku.

Tulichofanya ni hiki. Bati tulilitoa lote. Tulichukua bidon ya njano ya mafuta iliyopasuka, tukakata ubavu wake vipande viwili, kila kimoja kipana kidogo kuliko kiganja. Tulivimwagia maji ya moto, vikalainika, tukavipinda. Mashimo tulitoboa kwa msumari uliopashwa motoni. Kipande cha kwanza tulikifunga juu ya bomba linaloshuka kutoka usukani mpaka kwenye pedali, kwa kamba za mpira wa ndani uliochakaa. Hapo hakipiti kabisa chini ya breki, kwa hiyo hakiombi nafasi, na matope ya gurudumu la mbele yanayorukia miguu na mnyororo mengi yanaishia kwake. Cha pili tumekilaza chini ya kibebeo, kimetokeza nyuma kama mkia wa bata. Asiye na kibebeo akifunge chini ya kiti.

Hakizuii kila kitu. Viatu bado vinalowa. Lakini mgongo unafika safi, na gurudumu halina cha kulishika. Kijiti kikirukia plastiki hii, inajikunja. Kile chuma kirefu kinachoshikilia madigadi ya bati kinaweza kukivuta kijiti ndani ya spoki.

Tusiseme matope tu, kuna kikwembe pia. Nguo ikiingia kwenye spoki ni hatari kuliko tope. Zamani baiskeli za wanawake kule Ulaya zilikuwa na mashimo madogo kwenye madigadi ya nyuma, na nyuzi zilifumwa kutoka hapo mpaka katikati ya gurudumu, kama wavu, ili gauni lisiingie. Uholanzi mpaka leo baiskeli nyingi zina kifuniko pande zote mbili za gurudumu la nyuma. Mama mzee mmoja wa kikundi, fundi wa kufuma vikapu, ametufumia wavu wa kamba ya nailoni toka kibebeo mpaka chini. Kila pande ilimchukua asubuhi moja. Alikaza vizuri, kwa sababu kamba iliyolegea ni mbaya kuliko kukosa kamba. Na bado tunakunja kikwembe na kukifunga pembeni kwa pini.

Baiskeli haiuzwi. Mwenzetu aliyeanguka amepona mkono, na Jumatano alikwenda Bwegera na maziwa, mvua ikinyesha. Anayetaka kuona kazi ya bidon aje Jumamosi baada ya kikao, na bidon yake iliyooshwa vizuri kwa majivu, maana plastiki yenye mafuta inateleza kwenye kisu. Maji ya moto yatakuwepo. Watoto wabaki nyumbani.