Mtoto hajachelewa, mmemchelewesha

Makamanda, njooni Msamvu saa 11 na nusu alfajiri. Bado giza. Sare za shule zimejaa kituoni na konda anachungulia mlangoni: "Wanafunzi wawili tu!" Kwa nauli ya shilingi 200, mtoto anaonekana hasara. Gari ya kwanza inampita, ya pili, ya tatu. Mdogo wangu wa kidato cha pili bado amesimama.

Akifika shule, mwalimu wa zamu yuko getini na fimbo. Kosa? Kuchelewa.

Haya, tuongee sheria. Kanuni za viboko, Tangazo la Serikali Na. 294 la 2002, zinaruhusu kiboko kwa utovu mkubwa wa nidhamu au kosa zito tu. Visizidi vinne, mkuu wa shule aidhinishe, na viandikwe kitabuni. Kuachwa na daladala ni kosa zito? Na viboko vya getini vinaandikwa kitabu gani?

Halafu kuna mwili wenyewe. Mtoto wa darasa la pili anaamka na jogoo bila kuitwa. Akibalehe mambo yanageuka: homoni ya usingizi inachelewa kutoka, usingizi unakuja usiku umeshakwenda. Huo si uvivu. Wataalamu wanasema kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 mpaka 10 za kulala. Wetu analala saa 5 usiku, anaamshwa saa 10 na nusu. Piga hesabu mwenyewe, kisha uniambie hesabu za darasani ataziweza vipi.

Najua watasema, "Mbona sisi tuliamka alfajiri tukasoma?" Sawa mzee, ila wa kwako leo anapelekwa na gari ya serikali.

Kenya, kanuni zao za elimu za 2015 zinataja masomo ya shule za kutwa yaanze saa 2 asubuhi. Hata zikivunjwa, mzazi ana pa kushika. Sisi tuna Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 4: maslahi ya mtoto kwanza. Basi itumike! Sekondari za kutwa zianze saa 2. Konda anayekataa mwanafunzi awajibishwe. Kiboko cha kuchelewa kife.

Tuanze wiki hii. Nenda shule ya mdogo wako na mzazi, uliza kwa heshima: kitabu cha viboko kiko wapi? Majibu yaleteni hapa.

Nguvu ya umma!