Filamu ya Kitabu Isipimwe kwa Rula ya Mtihani

Filamu iliyotokana na kitabu huhukumiwa kwanza na waliokisoma kitabu chenyewe. Nchini Kenya wasomaji hao wamejaa shuleni, kwa kuwa riwaya, tamthilia na hadithi fupi teule husomwa na watahiniwa wa KCSE kote nchini. Lubao, soko lililo kando ya barabara ya Kakamega kwenda Webuye na linalojulikana zaidi kwa biashara ya mbwa ya kila Ijumaa, haliko nje ya hali hiyo. Mahali kama hapo filamu hufika kupitia simu, runinga na kibanda cha video, na mjadala wa iwapo filamu inafanana na kitabu huwa mkali zaidi pale ambapo kitabu hicho kitatahiniwa.

Vitabu teule vya Kiswahili vya miaka hii ni tamthilia ya Bembea ya Maisha ya Timothy Arege, riwaya ya Nguu za Jadi ya Clara Momanyi na mkusanyiko wa hadithi fupi wa Mapambazuko ya Machweo. Vikundi vya maigizo huzunguka shule kwa shule vikiviigiza, na baadhi ya maigizo hurekodiwa na kuwekwa kwenye YouTube. Kwa mwanafunzi wa kijijini, hiyo ndiyo filamu ya kitabu aliyo karibu nayo zaidi, na naye huitazama kama msaada wa kudurusu: mhusika akiachwa au tukio likirukwa, lawama hufuata.

Lawama hiyo haina uzito sawa kwa kila utanzu. Tamthilia imeandikwa ili iigizwe. Mazungumzo ya Yona, Sara na binti zao katika Bembea ya Maisha yako tayari mdomoni mwa waigizaji, na maelekezo ya jukwaani yameshaandikwa. Riwaya ni kazi nyingine. Nguu za Jadi inasimuliwa na sauti inayojua yaliyo moyoni mwa Mangwasha, inayorudi nyuma kwa mbinu rejeshi na kueleza historia ya jamii kwa aya chache. Kamera haina sauti hiyo. Mwelekezaji hulazimika kuchagua: amtie mhusika maneno ambayo mwandishi hakumpa, au aonyeshe uso wake tu na kumwachia mtazamaji afikirie. Tashbihi, jazanda na methali za msimulizi hupotea, nazo ndizo zinazoulizwa katika Karatasi ya Tatu ya Kiswahili. Kwa hiyo anayetazama video badala ya kusoma hujinyima alama hata kama video hiyo imetengenezwa kwa ustadi.

Mfano bora wa karibuni wa riwaya ya Kiswahili iliyoingia kwenye sinema unatoka Zanzibar. Vuta N'kuvute ya Adam Shafi ilichapishwa mwaka 1999, na mwaka 2021 filamu yake, iliyoongozwa na Mtanzania Amil Shivji, ilionyeshwa katika tamasha la Toronto, Kanada. Hadithi inahusu miaka ya 1950, wakati wa utawala wa Waingereza. Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa mume mzee, anatoroka ndoa na kukimbilia mtaa wa Ng'ambo kwa rafiki yake Mwajuma, na huko anakutana na Denge, kijana anayepigania uhuru.

Riwaya ina nafasi ya kutanuka. Wahusika wake ni wengi, na maisha ya Yasmin yanaendelea hata nje ya kisiwa. Filamu ina takribani saa moja na nusu. Shivji alikata matawi mengi na kubakiza shina: mapenzi ya Yasmin na Denge, na siasa inayoyazunguka. Anayetafuta kila sura ya kitabu atalalamika, na ana haki ya kulalamika, lakini kuna vilivyoongezeka pia. Taarabu, ambayo kitabuni hutajwa kwa maneno, inasikika, na mhusika Mwajuma amechezwa na Siti Amina, ambaye ni mwimbaji wa taarabu. Kiswahili cha Unguja kinasemwa kwa lafudhi yake. Vichochoro vya Mji Mkongwe, giza na mvua hufanya kazi ambayo mwandishi aliifanya kwa kurasa kadhaa.

Kenya nayo ina Rafiki ya Wanuri Kahiu, ya mwaka 2018, iliyotokana na hadithi fupi ya Jambula Tree ya Mganda Monica Arac de Nyeko, mshindi wa Tuzo ya Caine ya mwaka 2007. Hapa kazi ilikuwa kinyume: hadithi ni fupi, hivyo ilibidi ijazwe. Kampala ikawa Nairobi. Masimulizi yaliyo katika umbo la barua yakageuzwa matukio ya sasa, na baba za wasichana wawili wakafanywa wapinzani katika uchaguzi. Filamu hiyo ilipigwa marufuku na Bodi ya Uainishaji wa Filamu kwa kuonyesha mapenzi ya jinsia moja, kisha Septemba 2018 Mahakama Kuu ikaruhusu ionyeshwe kwa siku saba. Mabishano yakawa ya maadili na sheria, na mabadiliko ya hadithi yenyewe hayakupata nafasi ya kutosha ya kujadiliwa.

Filamu za nje hupokewa kwa namna tofauti kabisa. The Wild Robot ya mwaka 2024 imetokana na kitabu cha watoto cha Peter Brown, lakini Wakenya wengi wanaijua kwa sauti ya Lupita Nyong'o, na kitabu hawakijui. Kwenye vibanda vya video mambo huenda mbali zaidi. DJ Afro amejipatia umaarufu kwa kusimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili kilichochanganywa na Sheng, akibadili majina ya wahusika na kuongeza vichekesho vyake. Tanzania ilikuwa na Lufufu, na Uganda ina VJ Jingo anayesimulia kwa Kiganda. Usimulizi wa namna hiyo hauna uaminifu wowote kwa maneno ya asili, na watazamaji huupenda kwa sababu hiyo hiyo. Ni wazi basi kwamba mtazamaji wa Afrika Mashariki hana ugomvi na mabadiliko. Ugomvi huletwa na hofu ya mtihani.

Kuna upande wa sheria pia. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, kugeuza kitabu kuwa filamu au igizo ni haki ya mwenye kazi, na haki hiyo hudumu miaka 50 baada ya kifo cha mwandishi. Kikundi kinachouza tiketi shuleni bila idhini kinamnyima mwandishi jasho lake. Mwandishi akishirikishwa tangu mwanzo, anaweza pia kusema ni kipi kisiguswe na ni kipi kinaweza kuachwa.

Kwa hiyo mizani inayofaa ni mbili. Video ya kudurusia kitabu teule na ipimwe kwa ukaribu wake na kitabu, maana hiyo ndiyo kazi iliyojitwika. Filamu ya sinema ipimwe kwa ilichochagua kubakiza, na kama kilichobaki kinasimama chenyewe mbele ya mtu ambaye hajasoma hata ukurasa mmoja. Walimu wa fasihi wa Lubao na kwingineko wana nafasi ya kuwafundisha wanafunzi mizani zote mbili: kitabu kisomwe kwanza hadi mwisho, filamu itazamwe baadaye, na darasa lijadili kilichoachwa na sababu ya kuachwa.