Rimoti Kuukuu Zibaki Darasani

Mlima Salaita, ulio kilomita chache mashariki ya Taveta, hutajwa zaidi kwa sababu ya mapigano ya Februari 12, 1916, ambapo majeshi ya Uingereza na Afrika Kusini yalirudishwa nyuma na Wajerumani pamoja na askari wao Waafrika. Ni wachache wakumbukao kwamba katika vita hivyo ndege za upelelezi ziliruka juu ya nyika hii kutoka Maktau na Mbuyuni. Kwa mwalimu atakaye kufundisha historia na fizikia kwa pamoja, hakuna mahali bora: ndege ya mfano, rimoti mkononi, na mlima mbele ya macho.

Shaka yetu ni juu ya rimoti hiyo. Aghalabu shule hupewa msaada wa kile ambacho mwenyewe amekwisha kuacha kukitumia, nasi hupokea kwa mikono miwili bila kuuliza.

Rimoti za zamani hutumia masafa ya megahezi 27, 35 au 72, na kipande cha kristali ndicho kinachoamua chaneli. Kipokezi kilichomo ndegeni hakimtambui bwana wake. Hutii chochote kinachopita katika chaneli hiyo. Mwanafunzi mwingine akiwasha rimoti ya chaneli ile ile upande wa pili wa uwanja, ndege iliyo angani hupokea amri mbili kwa wakati mmoja na kuanguka. Chombo cha kilo mbili kikiporomoka juu ya vichwa vya watoto si mchezo tena.

Rimoti za gigahezi 2.4, zilizoenea tangu katikati ya miaka ya 2000, huunganishwa na kipokezi chake peke yake. Mawimbi yakikatika, kipokezi kilichotegwa sawasawa huizima mota.

Twajua fedha za shule ni haba. Lakini halazimiki mtu kununua ndege nzima. Mwili na mabawa ni yale yale, na hata vimota vinavyogeuza usukani mara nyingi vyafaa, mradi plagi na volti zilingane. Kinachobadilishwa ni rimoti, kipokezi na betri. Betri za nikeli na kadimiamu zilizolala miaka mingi huweza kuonekana zimejaa, kisha zikafa ghafla angani. Isitoshe, kadimiamu ni sumu. Zisitupwe katika shimo la taka la shule.

Wala hatusemi rimoti kuukuu zichomwe. Zitolewe betri, zifunguliwe mbele ya darasa, wanafunzi waione kristali na koili walizozisoma vitabuni. Huo ndio msaada wake wa kweli.

Kuna na sheria. Kenya ilitoa kanuni za vyombo visivyo na rubani mwaka 2020, na Salaita iko karibu na mbuga ya Tsavo Magharibi na mpaka wa Tanzania. Mwalimu na aulize kwanza Mamlaka ya Usafiri wa Anga, wala asingoje kuulizwa na askari.

Na siku ya kwanza uwanjani, kabla ndege haijaondoka ardhini, nguvu ya rimoti ipunguzwe na mwalimu atembee hatua 30 kutoka ilipo ndege. Usukani ukitetemeka, wanafunzi wote warudi darasani siku hiyo, hata kama wamesafiri kutoka Voi.