Degedege: Nani Mdhamini wa Roho ya Mtoto Aliyecheleweshwa?



  

Ndugu Waislamu, kila mvua zinapoanza katika maeneo yetu ya Masasi na Newala, kuanzia bonde la mto Lukuledi hadi juu kwenye uwanda wa Makonde, msemo mmoja hurudi vinywani mwa watu: mtoto aliyeshikwa na degedege asipigwe sindano, akipigwa atakufa. Msemo huu haumo katika kitabu chochote cha dini wala cha tiba, lakini una nguvu kuliko khutba zetu. Bibi asiyejua kusoma anausimamia, na baba aliyemaliza sekondari anaunyamazia. Matokeo yake, mtoto anayetetemeka, macho yamepinduka na povu linamtoka, hatolewi barabarani kutafutiwa gari la kwenda Ndanda au Mkomaindo. Anapelekwa kwa mwalimu.

Tumesema kwa mwalimu, na tumekusudia. Fundi mwenye usinga na vibuyu anajulikana alivyo, na hukumu yake katika dini inajulikana. Tunayemzungumzia hapa amevaa kanzu, ameketi juu ya mkeka, na Msahafu uko pembeni yake. Hamuulizi mama homa imeanza lini, wala kama mtoto ananyonya. Anamuuliza jina la mtoto na jina la mama mzazi. Anazihesabu herufi kwa abjadi, anatoa kumi na mbili kumi na mbili mpaka abaki na namba yake, kisha anafungua kitabu kinachonasibishwa na Abu Maashari na kutangaza kuwa ni jini fulani, na kwamba jini huyo anataka kuku wa rangi fulani. Kisha mtoto anafukizwa, anaandikiwa kombe, anashonewa hirizi. Kufikia alfajiri watu wanaambizana kwamba mtoto ametulia. Kweli ametulia, kwa sababu amezimia.

Degedege ni nini? Mara nyingi ni homa kali tu inayomtikisa mtoto mdogo, nayo hupita. Lakini katika nchi yenye malaria kama hii yetu, huenda ikawa ni malaria iliyopanda ubongoni. Vimelea vinavyoletwa na mbu huingia katika chembe nyekundu za damu, na chembe hizo hunata katika mishipa midogo ya ubongo na kuziba njia ya damu. Wakati huo huo sukari ya mwilini hushuka, na kushuka kwake peke yake kunatosha kumletea mtoto mtikisiko na kumwua. Huenda pia ikawa ni homa ya uti wa mgongo. Hakuna macho yanayoweza kuyatofautisha haya kwa kumtazama mtoto kwenye mwanga wa kibatari. Hutofautishwa kwa tone la damu na kwa kipimo, na saa zinazopotea hazirudi.

Basi msemo ule wa sindano umetoka wapi? Chanzo chake si kigumu kukiona. Mtoto anashikwa Jumatatu, anazungushwa kwa walimu wawili, Jumatano jioni anafikishwa hospitali akiwa hana fahamu, anachomwa sindano, usiku anafariki. Familia inahesabu kilichotokea mwisho, na kilichotokea mwisho ni sindano. Siku mbili za mafusho hazihesabiwi. Wale waliofikishwa mapema wakapona hawaingii katika hadithi hii, kwa kuwa wazazi wao husema tu kwamba yule hakuwa na degedege, alikuwa na homa.

Na hapa kuna jambo la kustaajabisha. Sindano inayoogopwa ni dawa ya mti shamba! Kwa muda mrefu ilikuwa kwinini, iliyotoka katika magome ya mti wa Amerika ya Kusini. Inayotumika sasa kwa malaria kali ni artesuneti, ambayo asili yake ni mmea wa Kichina wa jamii ya pakanga. Mwanasayansi wa Kichina, Bi Tu Youyou, alipekua vitabu vya kale vya tiba ya kwao, akagundua mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwamba kuuchemsha mmea ule kulikuwa kunaiharibu nguvu yake, akatafuta njia ya kuitoa dawa bila moto mkali. Mwaka 2015 alipewa tuzo ya Nobel. Dawa mseto ambayo nchi yetu iliianza mwishoni mwa mwaka 2006 nayo ina dawa ya asili hiyo hiyo. Kwa hiyo asije mtu akatuambia kwamba tunapiga vita miti na mizizi ya wazee. Miti ni neema ya Allah (s.w.). Tunachouliza ni kipimo: kiasi gani, kwa mtoto wa uzito gani, na wangapi walipewa wakapona, na wangapi hawakupona. Serikali ilitunga Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala mwaka 2002 na kuunda baraza la kuwasajili waganga. Je, mwalimu wetu amesajiliwa, au kanzu ndiyo cheti?

Walimu hawa wana hoja, na ni haki kuzisikiliza. Ya kwanza ni kwamba Qur-an ni shifaa, na ushahidi wao ni Suratul Israa aya ya 82. Tunaiamini aya hiyo kwa herufi zake zote. Ruqya ni sunna, na Mtume (s.a.w.) aliiruhusu maadamu haina shirki ndani yake, kama ilivyopokewa katika Sahih Muslim. Kuhusu kombe, wamo wanazuoni wakubwa walioliruhusu, wakiwemo Imam Ahmad na Ibn Taymiyya, na hatutawapachika waja wa Allah ushirikina katika jambo lenye khitilafu. Lakini abjadi na kuku wa jini wanatoka katika aya gani? Hiyo ni ramli, na anayemwendea mtabiri kumuuliza jambo, Mtume (s.a.w.) ametueleza kwamba Swala yake haikubaliwi kwa siku arobaini. Na ni aya gani inayomkataza mama kusoma Alfatiha huku amempakata mtoto ndani ya gari linalokimbilia hospitali? Kisomo hakihitaji mkeka wa mwalimu wala hakigombani na dripu.

Tena wanasahau kisa cha yule mwanamke aliyemjia Mtume (s.a.w.) akilalamika kwamba huanguka kifafa na mwili wake hufunuka. Kisa kimo katika Bukhari na Muslim. Alikhiyarishwa kati ya kusubiri apate Pepo na kuombewa apone. Akachagua subira, akaomba tu aombewe asifunuke. Hakuulizwa jina la mama yake. Hakudaiwa kuku. Hakufukizwa.

Hoja ya malipo nayo huletwa kwa kisa cha Abu Said al-Khudri (r.a.), ambaye kundi la Maswahaba lilimsomea Alfatiha mkuu wa kabila aliyeumwa na mdudu mwenye sumu, wakapata mbuzi. Kisa ni sahihi. Ila walimu wetu wanakisoma nusu. Malipo yale yaliahidiwa kwa sharti la kupona, na yalitolewa baada ya mgonjwa kusimama na kutembea. Huku kwetu fedha hutangulia, hasa msimu wa korosho, wakati ambapo waganga wa kila aina huteremka vijijini kwa wingi kuliko wanunuzi. Mtoto akifa, fedha hairudi. Husemwa kwamba mama alivunja masharti.

Sisi watu wa kusini ndio tulipaswa kuwa wa mwisho kudanganyika na maneno hayo ya masharti. Mwaka 1905 dawa ya Kinjikitile Ngwale ilitoka Ngarambe ikaenea hadi huku, na wazee wetu wakaambiwa kwamba risasi za Mjerumani zitageuka maji. Ushujaa wao hatuudharau. Walisimama dhidi ya dhulma, na wengi walikufa kwa bunduki na kwa njaa iliyofuata. Lakini risasi hazikugeuka maji, na walipoanguka wa mbele, walioko nyuma waliambiwa kwamba wale walivunja mwiko. Dawa ambayo haiwezi kushindwa kwa sababu lawama daima ni ya mgonjwa, hiyo si dawa.

Sasa tuje kwenye hoja inayosemwa kwa sauti ya chini barazani baada ya Swala ya Isha: Ndanda ni hospitali ya wamisheni. Ni kweli. Wabenediktini walianza pale mwaka 1906, mwaka mmoja baada ya kituo chao cha Nyangao kushambuliwa katika vita vya Majimaji. Hatuikani historia hiyo, wala hatusahau kwamba misheni zilikuja na shule na dawa ili zipate watu. Lakini Mtume (s.a.w.) alipomkuta Saad bin Abi Waqqas (r.a.) mgonjwa, alimuelekeza kwa al-Harith bin Kalada wa Thaqif, kwa kuwa alikuwa tabibu, na wako wanazuoni waliosema kwamba Uislamu wa al-Harith haukuthibiti. Katika Hijra, usiku ambao maisha yake na ya Abu Bakr (r.a.) yalining'inia, Mtume (s.a.w.) alimkodi muongoza njia ambaye hakuwa Muislamu. Utaalamu na uaminifu katika kazi ndivyo vilivyoangaliwa.

Na wanaoogopa sindano ya mtawa mbona hawakukiogopa kikombe cha mchungaji? Mwaka 2011, Ambilikile Mwasapila, mchungaji mstaafu wa Kilutheri, alitangaza kule Samunge, Loliondo, kwamba Mungu amemuonesha mti unaoponya kisukari, UKIMWI na maradhi mengine sugu. Kikombe shilingi 500. Watu wakamiminika kutoka kila pembe ya nchi na nje yake, foleni za magari zikafika kilometa nyingi, na Waislamu walikuwamo, wengine na kofia zao kichwani. Wapo walioacha dawa zao za hospitali kwa kuamini kwamba wamepona, wakafa. Hatukusikia siku zile mtu akisema kwamba Loliondo ni ya wamisheni.

Kama unyonge huu unatuuma, dawa yake inajulikana. Tuhesabu misikiti iliyojengwa kando ya barabara kutoka Mtwara hadi Masasi, kisha tuhesabu zahanati za Waislamu.

Tungeishia hapa tungekuwa tumewaonea walimu wa zamani peke yao. Wako wenzetu, vijana wenye ndevu na kauli nzuri, wanaoponda hirizi juu ya mimbari na kisha wanatandika meza mlangoni mwa msikiti siku ya Ijumaa. Juu ya meza kuna habbat sauda, asali, mafuta ya zeituni na vikombe vya hijama, na bango linalosema kwamba hii ni Tiba ya Sunna. Hatuna ugomvi na asali iliyotajwa katika Suratun Nahl. Ugomvi wetu ni na yule anayemwambia mzee wa kisukari aache sindano zake kwa kuwa habbat sauda ni dawa ya kila ugonjwa isipokuwa mauti. Hadithi hiyo ni sahihi, lakini wanazuoni hawakuisoma kama mchuuzi anavyoisoma. Imam al-Khattabi, karne nyingi kabla yetu, alieleza kwamba tamko lake ni la jumla lakini makusudio ni maradhi maalumu yanayokubaliana na tabia ya dawa hiyo. Kumvua mtu hirizi ya ngozi na kumvisha hirizi ya chupa si islahi.

Tumesema tutauliza kuhusu dhamana. Abu Daud, an-Nasai na Ibn Majah wamepokea kwamba Mtume (s.a.w.) amemfanya kuwa mdhamini kila anayejitia utabibu hali ya kuwa hajulikani kwa utabibu. Maana yake kisheria ni kwamba madhara aliyoyasababisha yako shingoni mwake, na roho ikitoka analipa dia. Na katika kisa alichokisimulia Jabir (r.a.), mtu aliyepasuliwa kichwa kwa jiwe aliota usiku, wenzake wakamfutu kwamba hana budi kuoga, akaoga akafa. Mtume (s.a.w.) hakusema kwamba ni Qadar tu ya Allah, tusubiri. Alisema kwamba wamemuua, akawaapiza, na akauliza kwa nini hawakuuliza walipokuwa hawajui. Wale walikosea fatwa moja, kwa nia njema, bila kuchukua hata senti.

Kwa hiyo tunawaomba maimamu wa Ndanda, Masasi, Newala na vijiji vyote vya uwandani, Ijumaa ya kwanza baada ya mvua kuanza, waseme juu ya mimbari kwa lugha ambayo bibi ataielewa: mtoto akishikwa, alazwe ubavu, asitiwe kitu chochote mdomoni, apanguswe kwa maji, kwani Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuipoza homa kwa maji, asomewe, na wakati huo huo gari au pikipiki iwe inatafutwa. Kamati za misikiti ziweke akiba ndogo ya nauli kwa ajili ya usiku kama huo.

Na mwalimu yeyote anayeona kwamba tumemzulia, tunamkaribisha atuandikie: watoto wangapi wa degedege waliletwa kwake mvua zilizopita, wangapi aliwatuma hospitali siku hiyo hiyo, wangapi walizikwa, na je, yuko tayari kutia saini mbele ya mashahidi wawili kwamba yeye ni mdhamini wao. Barua yake tutaichapa kama ilivyo. Nafasi katika toleo lijalo tumeiacha wazi.