Kubadili Kipuri Siyo Kumaliza Kazi

Tulipokuwa katika ziara ya kikazi wilayani Karagwe, tulipanda gari la ofisi moja kutoka Chonyonyo kurejea Kayanga. Lilikuwa Land Cruiser, la aina ileile ambayo vituo vyetu vingi vya afya huitumia kubebea wagonjwa. Dereva alitueleza kwa fahari kwamba gari limetoka karakana juma lililopita, na kwamba vipuri vyote vya mbele ni vipya. Hatukufika mbali. Katika mteremko wa kwanza gurudumu lilipita katika kishimo kidogo, usukani ukaanza kumcheza dereva mikononi, na mara gari zima likatikisika hata tukashikilia viti. Alipopunguza mwendo, tetemeko likakoma; alipoongeza, likarudi. Tulipomwuliza, alijibu kwa upole: "Wazee wangu, kabla ya matengenezo halikuwa hivi."

Jibu hilo limetukaa moyoni. Fedha za umma zimetumika, vipuri vimenunuliwa, hati imetiwa sahihi, na gari limerudi kazini likiwa la hatari kuliko lilipoondoka. Wala halikuwa gari bovu. Lilikuwa gari ambalo kazi yake haikumalizwa.

Msomaji wetu wa Bumbire, Goziba au Ukerewe anaweza kuuliza: haya yatuhusu nini sisi tusafirio kwa mitumbwi na vivuko? Yanamhusu sana. Mama mjamzito anayetolewa kisiwani usiku kwa boti, akifika ufukweni hulazwa ndani ya gari. Salama aliyoipata juu ya mawimbi yaweza kupotea katika kona moja ya barabara. Tena neno lenyewe, usukani, lilikuwa la mabaharia kabla ya kuwa la madereva. Hakuna nahodha mwenye akili timamu anayefunga usukani mpya kisha akapakia abiria na kutweka tanga siku hiyo hiyo. Kwanza huujaribu karibu na pwani, katika maji matulivu. Busara hiyo ya kisiwani ndiyo tunayoitaka katika karakana za bara.

Tueleze jambo lenyewe, maana kulaumu bila kuelimisha ni kazi bure. Katika magari haya magumu, Land Cruiser za mfululizo wa 70 zilizoanza kutengenezwa mwaka 1984 na Land Rover Defender za zamani ambazo uundaji wake ulikoma mwaka 2016, magurudumu mawili ya mbele yameshikwa na ekseli moja nzima. Kutoka kwenye boksi la usukani hutoka fimbo moja inayosukuma gurudumu. Fimbo ya pili ndefu, ambayo mafundi huiita tairodi, huyaunganisha magurudumu yote mawili yageuke pamoja. Fimbo ya tatu huizuia ekseli isiende kando. Kila mwisho wa fimbo una kiungo au bushi. Kwa hiyo vyote hivi ni mnyororo mmoja, na ukibadili pete moja ya mnyororo umegusa urefu wa mnyororo mzima.

Hatua ya kwanza ni kutafuta ugonjwa kabla ya kununua dawa. Gari likiwa limesimama juu ya matairi yake, mtu mmoja aucheze usukani kidogo kushoto na kulia, na fundi alale chini atazame kiungo kimoja baada ya kingine, tangu boksi hadi gurudumu. Pale ambapo kipande kimoja hutangulia kusogea na cha pili kikachelewa, hapo ndipo pana ulegevu. Asisahau bolti zinazolishika boksi kwenye fremu. Kisha gurudumu liinuliwe kwa jeki na kutikiswa juu na chini. Likicheza, breki ikanyagwe: ulegevu ukitoweka, kosa ni la beringi za gurudumu, ukibaki, kosa ni la beringi za kingipini. Ukaguzi huu hauhitaji mtambo wa kigeni. Wahitaji watu wawili, jeki na uaminifu.

Hatua ya pili ni kufunga kwa kanuni. Pini ya kiungo kipya na tundu lake sharti visafishwe vikauke; nati ikazwe kwa kipimo cha kitabu, na tundu la pini ya usalama lisipolingana, nati isogezwe mbele, kamwe isirudishwe nyuma. Bushi za raba zikazwe gari likiwa limekalia uzito wake. Zikikazwa ekseli ikining'inia, raba hubaki imejipinda siku zote na huchanika mapema. Na baada ya safari ya kwanza, gari lirudi bolti zote zikaguliwe tena.

Hatua ya tatu ndiyo inayopuuzwa kuliko zote, nayo ni kupima. Tairodi mpya ikiwa ndefu au fupi kidogo kuliko ile ya zamani, matairi ya mbele hayatazami tena njia moja. Chukulia tairi lenye kimo cha milimita 800. Tofauti kati ya mapana ya mbele na ya nyuma ya matairi hayo mawili ikiwa imepotoka kwa milimita 10 tu, katika kila kilomita moja kila tairi huburuzwa kando kiasi cha mita 6. Basi tusishangae tairi jipya likiisha kabla ya wakati wake, wala tusimsingizie dereva. Na pasipo na mtambo wa kupimia, fundi wa kijijini hapungukiwi: apige alama ya chaki mbele ya kila tairi kwa kimo cha kitovu cha gurudumu, apime umbali baina ya alama hizo, alisukume gari mpaka alama zifike nyuma, apime tena. Tairodi ikiwa nyuma ya ekseli, kuirefusha huyafunga matairi kwa mbele. Ikiwa mbele ya ekseli, kuirefusha huyafungua. Kiasi halisi kimeandikwa katika kitabu cha gari hilo, na kitabu ndicho chenye kauli ya mwisho.

Hapa yatupasa kuikemea hila moja. Gari likitoka na usukani uliokaa upande huku likienda moja kwa moja, wako mafundi wanaoung'oa usukani na kuurudisha ukiwa umenyooka. Machoni kazi imependeza. Lakini boksi la usukani limeundwa ili meno yake yakabane vema pale katikati, gari linapokwenda mbele. Usukani ukinyooshwa juu na fimbo ikaachwa na urefu usiofaa chini, boksi hufanya kazi nje ya katikati yake, mahali penye ulegevu, na gari huwa la kuyumbayumba. Dawa yake ni kuliweka boksi katikati kwanza, kisha kuirekebisha fimbo itokayo kwenye boksi. Anayenyoosha usukani bila kunyoosha gari anamridhisha mkubwa na kumdanganya abiria.

Kuna hila ya pili. Gari likitetemeka kama lile la Chonyonyo, hukimbiliwa dampa ya usukani, ikabadilishwa, tetemeko likapoa kwa wiki chache. Dampa hupunguza mtikisiko. Haiondoi chanzo chake. Chanzo huwa ni bushi ya ile fimbo inayoishika ekseli, au bolti yake iliyolegea, au kingipini iliyofungwa bila kubanwa vya kutosha, au tairi lisilo na uwiano. Kingipini ikibanwa kupita kiasi nayo huleta balaa jingine: usukani haurudi wenyewe baada ya kona. Dalili hiyohiyo huonekana pia springi zikibadilishwa kwa ndefu zaidi, kwani pembe ya ekseli hubadilika. Gari likivuta upande mmoja, upepo wa matairi usawazishwe, kisha matairi ya mbele yabadilishane nafasi. Mvuto ukihamia upande wa pili, kosa ni la tairi. Usipohama, kitovu cha gurudumu kiguswe kwa uangalifu baada ya safari, na chenye moto kuliko mwenzake kina breki inayoshika. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Sasa tunawageukia wenzetu wa Serikalini. Mwaka 2005 ulianzishwa Wakala wa Ufundi na Umeme, ambao pamoja na kuendesha vivuko vinavyowavusha wanavisiwa wetu, una dhamana ya kutengeneza magari ya Serikali. Utaratibu tunao. Lakini utaratibu wowote hufuata kile kilichoandikwa katika agizo la kazi. Ofisa akiandika "badilisha tairodi", tairodi itabadilishwa, na kazi itahesabiwa imekwisha. Kupima hakukuombwa, hakukulipiwa, wala hakuna atakayeulizwa. Tunashauri agizo liandike ugonjwa: gari linatetemeka, gari linavuta kushoto, usukani haurudi. Aidha hati ya kupokea gari ioneshe vipimo vya kabla na vya baada, pamoja na sahihi ya dereva aliyelijaribu, kwanza polepole, kisha kwa mwendo wa kawaida na katika barabara ya vumbi ambako litafanya kazi. Dereva akikataa kulipokea, asihesabiwe mkaidi. Yeye ndiye mlinzi wa mwisho wa roho za abiria.

Wapo watakaosema kwamba kupima kunachelewesha kazi, na kwamba wilaya yenye gari moja la wagonjwa haiwezi kulisubiri. Uchungu huo tunaujua, wala si wa kupuuzwa. Mgonjwa hangoji vipimo vya fundi. Lakini kupima kwa chaki na utepe ni kazi ya sehemu ya siku, ilhali gari lililopinduka halirudi kwa mwezi, na aliyefia ndani yake harudi abadan. Wilaya yenye gari moja ndiyo yenye haja zaidi ya kulipima.

Gari la umma ni amana. Mwenye amana haulizwi alinunua nini; huulizwa alichokabidhiwa kiko katika hali gani. Lile gari la Chonyonyo lilirudishwa karakana kesho yake kwa amri ya mkuu wa ofisi. Ikaonekana kwamba bolti moja ya fimbo inayoishika ekseli ilikuwa imekazwa kwa mkono tu. Vipuri vyote vilikuwa vipya kweli. Kilichokosekana ni spana, na mtu wa kuuliza kama spana ilitumika.