Kama Unachezesha Midomo Tu, Nirudishie Doo Yangu

Wasee, leo siwapaki mafuta kwa mgongo wa chupa. Kuna mtindo umeshika shoo zetu na bado tunaupigia makofi. Msanii anapanda jukwaani, DJ anaweka ngoma yote, sauti ikiwa ndani, halafu jamaa anarukaruka na kuitikia "eeh! eeh!" mwisho wa mstari. Na mlangoni umelipa! Hiyo ngoma ungeisikia kwa mathree ya Githurai, tena kwa spika kali zaidi.

Mtaniambia ngoma za siku hizi ni ngumu kupiga laivu. Sawa. Sikizeni Live Killers ya Queen, 1979. Ndiyo, Queen ya Freddie Mercury, yule aliyezaliwa Zanzibar, Mji Mkongwe, 1946. Hawa walianza na roki progresivu, zile ngoma zinazobadilika mdundo kabla hujapumua. Albamu ilirekodiwa kwa shoo zao za Ulaya, Januari mpaka Machi mwaka huo. Brighton Rock pekee inapita dakika 12, na gitaa la Brian May ni lile alilotengeneza nyumbani na babake.

Lakini somo liko kwa Bohemian Rhapsody. Ile sehemu ya kati, studio walirekodi sauti juu ya sauti mpaka watu watatu wakasikika kama kwaya nzima. Jukwaani haiwezekani. Wakafanya nini? Waliacha kanda icheze, wakatoka jukwaani. Hakuna aliyebaki na maiki akijifanya anaimba. Sehemu ya gitaa zito ilipofika, wakarudi wakapiga wenyewe. Hiyo ni kumheshimu aliyelipa.

"Ah, hao walikuwa na pesa." Wacha hizo. Ingia baa ya Thika Road siku ya mugithi. Jamaa mmoja, gitaa moja, kinanda kinampa mdundo, anaimba mpaka usiku wa manane. Akikosea unasikia, anacheka, anaendelea, na watu wanamtuza.

Na msidhani hii ni stori ya ladha tu. Kila shoo ya kuchezesha midomo ni mpiga ngoma na mpiga besi waliokosa kazi. Hapa Kiuu kuna vijana wanapiga vyombo kanisani kila Jumapili, wakali vibaya, na Jumatatu kipaji hakina pa kwenda. Promota anasema bendi ni ghali, DJ na maiki zinatosha. Zinatosha kwa sababu sisi tunanyamaza.

Kwa hivyo ukiona posta ya shoo, uliza hapo hapo: kuna bendi? Wakikwepa swali, baki na doo yako. Na wewe msanii, rekodi shoo yako moja uitoe vile ilivyo, na makosa yake. Kama unaogopa tuisikie, mbona ulituuzia tiketi?

Wanaobisha, njooni hapa chini. Niko.